Kengele ya Mke Wangu

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na nadhani ndiyo maana wanaume wengi hawawasifii wake zao. Mimi ni kinyozi. Vichwa vya wanaume wa kila aina vimepita mikononi mwangu, na nawaambia kweli, wengi wao humsifia mke siku ya kumzika. Mimi sisubiri huko. Mke wangu yu hai, yuko jikoni anamkaripia paka, na leo namsifia.

Kazi yake ni msimamizi wa jukwaa katika kundi la ngoma na maigizo. Watu wakisikia hivyo wanadhani ni mchezaji. Thubutu! Siku ya harusi yetu tulicheza wimbo mmoja, akanikanyaga, akasema inatosha, na hajarudia tena mpaka leo. Msimamizi wa jukwaa ni yule usiyemwona. Ndiye anayejua mkuki wa mfalme umewekwa wapi, nani anaingia kutoka upande gani, taa izimwe lini na pazia lifunguliwe lini. Wachezaji wanapigiwa makofi, yeye yuko nyuma anaokota viatu vyao.

Na ndiye mshika kengele. Ukumbi wao zamani ulikuwa karakana ya mabasi, bado una harufu ya grisi siku za joto, na kengele ya umeme iliyoko ukutani haijawahi kulia tangu niijue. Kwa hiyo wanatumia ya mkononi, ya shaba, ina mpini wa mti uliozungushiwa mpira wa baiskeli ili usiteleze. Isipolia, onyesho halianzi. Hata aje nani.

Zamani kengele hiyo ilikuwa inaachwa ukumbini. Siku moja yule aliyekuwa akiigiza mfalme akaificha ndani ya ngoma kwa sababu hajamaliza kula na hakutaka kuharakishwa. Mke wangu aliitafuta mpaka akaipata, akamvua mfalme taji mbele ya askari wake, na tangu siku hiyo kengele inarudi nyumbani kwenye mkoba. Inalala kwetu, kwenye kabati, pembeni ya kopo la sukari. Ukitaka sukari nyumbani kwangu lazima uihamishe kwa adabu. Ikilia kidogo tu utasikia sauti kutoka chumbani: "Nani huyo?"

Tulivyokutana ni aibu yangu, lakini wacha niseme. Niliitwa kuwanyoa vipara wachezaji wa kundi walioigiza wafungwa. Nikamnyoa na mmoja ambaye hakuwa mfungwa, alikuwa nabii, na nywele zake ndefu ndizo zilizokuwa unabii wenyewe. Binti mmoja mwembamba akaja na kengele mkononi akanigombeza kwa mpangilio: kwanza kosa, pili hasara, tatu nifanye nini sasa hivi. Sijawahi kugombezwa vizuri namna ile. Nikatafuta manyoya ya kondoo nikamshonea nabii nywele, kisha nikaenda kwa wazee wa yule binti.

Sasa niwaeleze desturi ya pale, maana bila hiyo hamtaelewa kitu.

Mwanzilishi wa kundi alikuwa mama mmoja aliyestaafu kufundisha shule, sote tukimwita Mwalimu. Enzi zake mpiga ngoma mmoja alianguka jukwaani katikati ya onyesho. Alikuwa na homa tangu asubuhi, akaona haya kusema. Watazamaji wakashangilia wakidhani ni sehemu ya mchezo. Mwalimu hakushangilia. Alisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hataki kuja kuumbuliwa mbele ya watu waliokata tiketi. Akaweka desturi: kabla kengele haijalia, watu wote wasimame duara nyuma ya pazia, na mshika kengele aulize, "Nani hawezi?" Kila mtu ajibu kwa zamu na kwa kinywa chake. Anayeweza aseme naweza. Asiyeweza aseme siwezi, wala asisutwe wala asichekwe. Hapo swali linahamia kwa kiongozi: "Tufanyeje?" Kiongozi asipotoa jibu, kengele hailii.

Nimesimama nyuma ya pazia lile na mashine yangu ya kunyolea mara nyingi. Nimesikia watu wazima wakisema siwezi, nina uchungu wa tumbo. Siwezi, nimetoka kumzika mjomba. Na Mwalimu anasema, haya, wewe leo kaa, fulani chukua upanga wake. Kisha kengele inalia na kazi inaanza. Ilikuwa inanipa raha kuona, kwa sababu sijui sehemu nyingine ya kazi ambapo mtu anaulizwa swali hilo.

Mwalimu alipozeeka akaondoka, akaja mkurugenzi mwingine.

Simkatai kwa kipaji. Nimemwona akimfundisha kijana mwenye miguu mizito kama magogo mpaka ukadhani anaelea. Tiketi zilikuwa zinakwisha mapema, magazeti yalikuwa yanaandika. Lakini alikuja na neno lake moja: familia. "Hapa hakuna wafanyakazi," alisema siku ya kwanza, amefungua mikono, "hapa kuna familia." Akataka aitwe Baba. Wachezaji wote wakawa wanawe, na mke wangu akawa "mama", ingawa huyo Baba ni rika la mdogo wake wa mwisho. Nilicheka nilipomsikia akisema kwenye simu, "Ndiyo, Baba." Nikamuuliza, mkwe wangu amefufuka lini? Akanirushia kitambaa cha sahani.

Kicheko kikaisha taratibu. Ukiomba likizo unaambiwa, "Mwanangu, unaikimbia familia?" Ukiuliza habari za mkataba unaulizwa wewe, "Tangu lini mtoto akaandikiana mkataba na baba yake?" Aliyechelewa anafokewa mbele ya wote, halafu anakumbatiwa mbele ya wote, na hajui lipi limemuuma zaidi. Katibu wa ofisi, kijana mwenye funguo nyingi kiunoni, kazi yake kubwa ilikuwa kutikisa kichwa kukubali. Na hakuna aliyefukuzwa, la hasha! Baba hafukuzi mtoto. Mtu anashikwa mkono kwa upole anaambiwa, "Umechoka, pumzika kwanza." Sijaona aliyepumzishwa akarudi.

Hata lile duara akalipamba. Aliona kujibu mmoja mmoja kunakula muda na hakupendezi. Akawafundisha wajibu kwa pamoja. Mke wangu akiuliza, "Nani hawezi?" wote wanapiga mguu chini kwa kishindo na kupaza sauti: "Hakuna!" Mimi mwenyewe nilisisimka mara ya kwanza. Wageni wakawa wanaletwa nyuma ya pazia wapige picha. Mke wangu alirudi nyumbani siku hiyo akaweka kengele kabatini akasema, "Baba watoto, siku hizi nauliza swali ambalo jibu lake limeshafanyiwa mazoezi." Akaenda kulala bila kula.

Niseme na langu. Binti yetu alipotuzalia mjukuu wa kwanza, mke wangu alimwona mtoto baada ya familia ile nyingine kumaliza mazoezi. Alifika hospitali bado ana unga wa mapambo kwenye mikono. Nilimpa kiti. Lakini niliumia, na nilimchukia yule Baba kwa roho yangu yote.

Kwa nini basi hakuacha? Nilimuuliza. Alisema, "Nikiondoka, nani atabaki anauliza?" Ndivyo alivyo. Kazi ile kwake haikuwa kazi, ilikuwa pumzi. Kumnyang'anya kengele mke wangu ni sawa na kunikata mimi mikono, na Baba alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Katika kundi kulikuwa na binti mchezaji wanayemwita Panzi, kwa sababu ya kuruka. Mwisho wa mchezo wao mkubwa, Panzi alikuwa anapanda ngazi mpaka jukwaa la juu, ngoma zinanyamaza, anajirusha, na wanaume wanne wanamdaka chini. Watu walikuwa wanalipia kuja kuona hapo tu. Alikuwa na mbadala wake, binti mpole, ambaye siku moja alisema mazoezi ya kila Jumapili yamemmaliza. Akapumzishwa. Basi Panzi akabaki peke yake.

Ikafika Jumapili moja ya onyesho la alasiri. Wajumbe wa bodi walikuja, na wafadhili, wamevaa vizuri, wamekaa viti vya mbele. Mimi nilikuwa nyuma, nanyoa askari. Mbele yangu, juu ya sanduku la mavazi, Panzi alikuwa anajifunga bandeji. Goti lilikuwa limejaa mpaka huoni mfupa ulipo.

Mke wangu akapiga magoti, akaligusa kwa vidole viwili. Panzi akajikunja.

"Baba analijua hili?"

"Analijua, Mama Kengele. Amesema nikimaliza tu kuruka atanipeleka hospitali mwenyewe, na gari lake."

Mke wangu alimalizia ile bandeji, akaifunga pini, akainuka. Akaja niliposimama, akajifanya anakagua kichwa cha askari wangu.

"Baba watoto," alisema polepole, "nikirudishwa nyumbani leo nikae moja kwa moja, utaniweza?"

Nilielewa. Mashine ikaacha mstari kwenye kichwa cha watu. Nilitaka kumwambia, mke wangu, wana wa wenzio wana mama zao, wewe una kengele yako tu, ishike. Nikamwangalia usoni nikaona limeshaamuliwa.

"Nitakupikia chai," nikasema.

"Chai yako mbaya," akasema, akaenda kuita duara.

Walisimama wote. Askari wangu naye akaenda, nusu kichwa kimenyolewa, nusu bado, taulo langu shingoni. Mkurugenzi alisimama nje ya duara kama kawaida yake, pembeni ya mgeni mmoja mwenye kamera, mikono nyuma, anatabasamu.

"Nani hawezi?"

Kishindo. "Hakuna!"

Mgeni akapiga picha. Kengele haikuinuka.

"Sijauliza kwa kwaya," alisema mke wangu. Hakupaza sauti. "Nani hawezi? Mmoja mmoja, kama alivyotufundisha Mwalimu."

Watu wakatazamana. Mpiga zeze, aliyekuwapo tangu enzi za Mwalimu, akakohoa akasema, "Naweza." Wa pili, "Naweza." Ikazunguka hivyo. Askari wangu alisema naweza huku anajikuna upande wenye nywele. Ikafika kwa Panzi. Panzi hakumtazama mke wangu, alimtazama mkurugenzi. Yule bwana akamkonyeza kwa upendo kabisa, kama baba anayemtia moyo mtoto siku ya mtihani.

"Naweza," alisema Panzi, na machozi yakachimba njia mbili kwenye unga wa uso wake.

Nikasema moyoni, basi, imekwisha. Mama watoto amejaribu, hana lawama, apige kengele twende nyumbani na kazi yake. Zamu ilikuwa imemaliza duara na kurudi kwake, na zamu ya kwake haikuwa na maana yoyote, maana muulizaji huwa haulizwi. Kinyozi hajinyoi. Hata Mwalimu hakuwahi kufikiria hilo.

"Na mimi nimo kwenye duara," alisema mke wangu. "Mimi siwezi."

Kule mbele nikawasikia wageni wakikohoa.

"Siwezi kupiga kengele hii halafu nisimame pembeni nimtazame mtoto wa watu akijirusha na goti lile. Siwezi." Akamgeukia mkurugenzi. "Tufanyeje?"

Yule bwana akaingia katikati ya duara, mara ya kwanza namwona akiingia. Akainamisha sauti, lakini nyuma ya pazia sauti haifichiki.

"Mama, wageni wameshakaa. Unanifanyia hivi mimi? Mimi baba yako?"

"Baba yangu alishafariki, Mungu amrehemu," alisema mke wangu. "Nilimuuguza na nikamzika. Wewe ni mkurugenzi wangu, na desturi inasema kiongozi ajibu. Tufanyeje?"

Jamani, mimi ni mtu mzima, nina wajukuu. Nilishika ukuta. Kama kuna mtu aliwahi kujivuna kwa ajili ya mkewe mpaka akaona kizunguzungu, ndiye mimi siku ile, na huku nimejaa hofu.

Na hapo askari wangu wa nusu kichwa akanyoosha mkono kama mtoto wa shule. "Samahani," akasema. "Nilisema naweza, nilidanganya. Mimi ni mmoja wa wanaomdaka. Bega langu halipandi tangu juzi."

Panzi akamgeukia kwa macho ambayo sitayasahau. Angeruka na goti bovu, akatua kwenye bega bovu, na wote wawili walikuwa wamesema naweza kwa kumwogopa mtu mmoja asiyeruka.

Mkurugenzi akatazama bega, akatazama goti, akatazama kamera ya mgeni. "Hakutakuwa na mruko," akasema, kama mtu anayetema mwiba.

Kengele ikalia.

Nisiwadanganye kwamba onyesho lilipendeza. Mwishoni Panzi alisimama chini ya ngazi, taa zikazimwa, watu wakabaki wanasubiri. Bwana mmoja wa viti vya mbele akauliza kwa sauti, "Imeisha?" Makofi yakaja baadaye, ya heshima tu.

Kesho yake mkurugenzi alimwita mke wangu ofisini. Akamshika mikono yote miwili. Akamwambia, kwa upole, "Mama, umetutumikia sana. Umechoka. Pumzika kwanza." Katibu alikuwa pale, akatikisa kichwa kukubali.

Alirudi nyumbani na mkoba wake begani kama siku zote, akafungua kabati, akaweka kengele mahali pake. Nikampikia chai. Aliinywa yote, mbaya hivyohivyo, na hapo nikajua ameumia.

Siku zilizofuata nilikuwa na msimamizi wa jukwaa ndani ya saluni yangu. Alinipangia vitana kwa ukubwa. Aliwapanga wateja wangu waingie kwa utaratibu, akawaambia lini wainuke na watokee upande gani, na mzee mmoja akaniuliza kama saluni imeuzwa. Tulicheka. Lakini kila alasiri ya Jumapili, saa ya kuanza ikikaribia, alikuwa anaitazama saa ya ukutani, midomo inacheza bila sauti. Mimi nikawa najifanya natafuta spiriti chini ya meza. Kumwona mkeo katika hali ile na huna la kumfanyia ni adhabu.

Panzi alikuja kumwona, anatembea na fimbo. Daktari alimwambia goti litapona, ila angeruka siku ile asingecheza tena maisha. Alitaka kulia, mke wangu akamkataza. "Ukilia utanitonesha na mimi. Kaa hapa nikusuke."

Kuhusu kengele, ni kosa ambalo wangelifanya wao tu. Walimpumzisha mtu bila kukumbuka kengele inalala wapi. Nami sikuwakumbusha.

Asubuhi moja, nimetoka tu kufungua, mlango ukatiwa giza na mtu mrefu. Alikuwa mkurugenzi. Akasalimia, akaangaza, akaona hakuna pa kukaa ila kiti changu, akakaa. Nikamvika taulo kwa mazoea. Mkono wangu ulikuwa na wembe, na sitasema shetani alininong'oneza nini.

"Nimefuata kengele," alisema.

"Nyingine hazipo madukani?"

Akavuta pumzi. Akanieleza, huku anajitazama kwenye kioo changu, yaliyotokea Jumapili iliyopita. Katibu alijaribu kutumia filimbi, wapiga ngoma wakauliza nani amepewa kadi nyekundu. Akajaribu mlio wa simu, hakuna aliyesogea. Mwishowe akauliza kwa sauti tu, "Nani hawezi?" na badala ya kile kishindo, watu wakaanza kujibu mmoja mmoja. Mgongo. Mtoto wangu mgonjwa nyumbani. Sijapata siku ya kupumzika tangu mvua zianze. Siwezi, naogopa. Mpiga zeze mwenyewe akasema, siwezi, kidole kinakufa ganzi nikipiga. Kisha wote wakamtazama katibu, wakamuuliza, "Tufanyeje?" Katibu akamtazama yeye. Naye hakuwa na jibu. Watazamaji walirudishwa makwao.

"Kwa hiyo unadhani ukiipata kengele watanyamaza," nikasema.

Nyuma ya duka langu ndiyo nyumba yangu, na ukuta katikati ni wa mbao. Nikasikia kabati likifunguliwa. Mke wangu akaingia, kengele mkononi, ameushika ulimi wa kengele kwa vidole isilie.

"Mama..." alianza yule bwana, akaishia hapo.

Nilitegemea atamgombeza. Kwanza kosa, pili hasara, tatu afanye nini sasa hivi. Nilikuwa nimejiandaa kufurahi. Yeye akasimama nyuma ya kiti, wakatazamana kupitia kioo, akamuuliza kama anavyowauliza wote:

"Nani hawezi?"

Yule bwana akacheka kidogo. Akaona hakuna mwenzake anayecheka. Akatazama taulo langu shingoni mwake, akatazama mikono yake juu ya magoti. Nje jirani alikuwa anafagia, nikausikia ufagio wake wote, tangu mwanzo wa baraza mpaka mwisho.

"Mimi," akasema. "Mimi siwezi." Halafu ikamtoka kama gunia lililokatika kamba. Kwamba bodi inataka mchezo mpya kila msimu, kwamba hajui kukataa, kwamba amelibeba lile kundi zima kichwani mwake na hajui amechoka tangu lini. "Nilijiita Baba. Baba anamwambia nani kwamba amechoka?"

Mimi nilikuwa namchukia mtu huyu, nimeshawaambia. Nikajikuta nimeweka wembe chini.

"Tufanyeje?" akauliza mke wangu.

"Sijui. Kweli sijui."

"Haya. Sasa tunaweza kuongea." Akavuta kigoda, akakaa. "Mbadala wa Panzi arudi, umwombe radhi mwenyewe, usimtume katibu. Watu wapate mikataba na siku ya kupumzika, na akipumzika mtu arudi. Kwenye bodi nitakwenda nawe. Na lile duara, kila mtu kinywa chake."

"Sawa, mama."

"Na usiniite mama. Watoto wangu ninao, na mjukuu ninaye, nilichelewa kumwona."

Akainama. "Nikuiteje?"

"Kazi yangu ni msimamizi wa jukwaa."

"Sawa, Msimamizi," akasema yule bwana, na mimi nikamnyoa bure, jambo ambalo silifanyi hata kwa mashemeji.

Msidhani amegeuka malaika. Bado anafoka, na bado neno "mwanangu" linamponyoka, watu wanamtazama, anajirekebisha. Mikataba ilichukua muda na maneno mengi kwenye bodi, na mke wangu alirudi kutoka huko mara mbili amekauka koo.

Lakini Jumapili aliyorudi ukumbini, nilikuwapo na taulo langu. Walisimama duara nyuma ya pazia, Panzi na fimbo yake, mbadala wake amevaa tayari. Mkurugenzi naye alikuwa ndani ya duara, kati ya askari wangu na mpiga zeze. Mke wangu akauliza. Naweza. Naweza. Siwezi mruko, naweza kuimba, alisema Panzi. Mkurugenzi alipofikiwa akasema, "Leo naweza." Zamu ikamaliza mzunguko, na mke wangu akaanza kuinua kengele, maana kwake duara limeisha.

"Bado," alisema mkurugenzi. "Na wewe, Msimamizi? Unaweza?"

Miaka yote ile, mke wangu ameuliza mpaka mpini umechakaa, na hakuna hata mmoja wetu, nami nikiwemo, aliyewahi kumuuliza. Nilimwona akifungua mdomo na sauti isitoke. Watu wote wakasubiri, hakuna aliyemharakisha. Kule mbele watazamaji walikuwa wanagonga miguu, na waliachwa wagonge.

"Naweza," alisema mke wangu.

Sikujizuia. Nilitupa taulo nikapiga makofi kwa nguvu zangu zote, peke yangu, kama mwendawazimu.

Akanigeukia, macho yamejaa maji, kengele iko juu. "Baba watoto," akasema, "pazia bado."